Kabla ya Kuzima Groupe

Nisiwasumbue kumtafuta mpumbavu katika hadithi hii. Siku ile mpumbavu alikuwa mimi.

Mvua ilinyesha Kadutu tangu asubuhi. Mke wangu Eulalie alikuwa anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, nami nafunga viatu niende kazini. Léopold, dereva wa kamyo ya Uvira, akagonga mlango. Alitumwa na mdogo wangu Martine, aliyefanya kazi katika famasi ya kituo kidogo cha afya kule Sange. Miaka ile habari zetu zilisafiri hivyo. Hakuna posta, hakuna simu, kuna Léopold.

"Martine anasema machine iko inasahau," Léopold akanieleza. "Anaandika dawa zenye alitoa, kesho yake haziko. Alisema kwa mukubwa wake, mukubwa akamwambia akuulize wewe."

Nikacheka. Nikamwambia apeleke jibu: mashine haisahau, wanaosahau ni watu, kwa hiyo Martine aache kuandika huku anasinzia. Léopold naye akacheka. Jibu langu likashuka Sange pamoja na magunia ya sukari, na nadhani lilifika zima kuliko sukari.

Mashine yenyewe ilikuwa ordinateur, ndiyo kompyuta. Ni mwaka 1992. Wageni wa mradi mmoja walikuwa wamefunga mizigo na kurudi kwao, wakatuachia ordinateur chache za zamani. Mimi nilifanya kazi katika depo ya dawa hapa Bukavu. Mambo mengine wageni wale walinifundisha, mengine nilijifunza kwa kuharibu. Mwishowe nikatunga programu, yaani maagizo ambayo ordinateur inayafuata. Programu yangu ilihesabu dawa: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Kila mwezi vituo vilituletea hesabu zao ndani ya diskete, nasi tukajua nani apelekewe nini.

Sikuiuza. Aliyeitaka alileta diskete yake akanakili. Aliyejua kuirekebisha aliirekebisha, kisha akatuonyesha. Placide wa Nyangezi aliongeza ukurasa wa maziwa ya watoto waliokonda, tukautumia wote. Kitu kimoja tu kilikosekana: maandishi. Kila mtu, hata Martine, alikuja depo akaketi karibu yangu, nikamwonyesha kwa kidole. Kisha tulikwenda kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, naye akarudi kwao. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mwisho wa mwezi diskete ya Sange ilionyesha kinini kingi, ile dawa ya malaria. Basi hatukuwapelekea kinini. Kumbe rafu yao ilikuwa tupu. Malaria ya bonde la Ruzizi haina subira. Wiki ile mtoto wa jirani wa Martine alikufa.

Papa Gaston, msimamizi wa kituo, alitazama ordinateur, akatazama rafu, akasema kinini kimeuzwa. Ufunguo wa famasi ulikuwa kwa Martine. Akafukuzwa.

Alikuja kwangu na sanduku moja. Kule Sange watoto walikuwa wanamwita mwizi barabarani. Nyumbani kwangu alishinda akichambua maharagwe, hata yale yaliyokwisha chambuliwa. Nilijaribu kumtania kama zamani. Hakucheka. Aliniuliza mimi, yaya wake, yaani kaka mkubwa, jambo moja tu.

"Yaya, na wewe unafikiri niliuza?"

Nikasema hapana. Lakini nilichelewa kidogo kujibu, naye aliona.

Jirani yetu Anne-Marie alifundisha akina mama kusoma, na vitabu vyao alivitunga yeye mwenyewe. Siku moja alikuja kuomba makaa ya moto, akakuta nyumba imenyamaza kama kuna msiba. Martine akamweleza yote. Anne-Marie hakuuliza habari za kinini. Aliuliza kitabu cha programu kiko wapi.

"Kiko hapa," nikasema, nikagusa kichwa changu.

"Basi watu wa Sange waje wakikate," akajibu. "Papa Théodore, unatoa programu bure, lakini namna ya kuitumia umeifungia. Hapo umetoa nini?"

Nikaanza kuandika. Nilieleza nilivyotunga programu, taabu nilizopata, na kila aliyenicheka. Anne-Marie alisoma kurasa mbili, akaziweka chini polepole, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Alisema muuguzi mwenye mgonjwa mbele yake hana haja ya kujua programu ilizaliwa namna gani. Akanionyesha mpango. Kwanza, kazi ya kila siku, hatua kwa hatua, na kila hatua sentensi moja. Halafu, mambo yanayoharibika na la kufanya yakiharibika. Mwisho kabisa, kwa watu kama Placide, namna programu ilivyojengwa ndani, ili waweze kuibadilisha. Hivyo kila mtu atafungua pale penye haja yake.

"Ukimaliza, mutu asiyejua kitu ajaribu mbele yako," akaongeza. "Wewe mikono mufukoni, na mudomo umefungwa."

Jumamosi tukaenda depo: Anne-Marie, Martine, Eulalie na mimi. Eulalie hakuwa amegusa ordinateur hata siku moja. Aliketi, akasoma karatasi zangu, akaanza. Alitafuta kila herufi kama anayetafuta jiwe katika mchele. Niliteseka. Nilipotaka kumsaidia, Anne-Marie alinitazama, nikarudisha mikono mfukoni. Mahali alipokwama, tulitia alama kwenye karatasi, maana kosa lilikuwa la karatasi, si lake. Mwishowe dawa zote zikaingia.

Ndipo Anne-Marie akauliza lile sanduku chini ya meza ni la nini. Nikasema ni batri. Courant ya umeme ikikatika, mashine inaendelea.

"Na kule Sange batri iko?"

"Haiko," Martine akasema. "Kuko groupe tu, ile injini ya courant. Mafuta yakiisha, inazimika."

Anne-Marie akainama, akachomoa waya wa batri. Kioo kikawa cheusi. Tulipowasha tena, dawa za Eulalie hazikuwemo. Hata moja.

Kulikuwa na kitufe cha kuhifadhi, F10. Mimi nilikibonyeza kila jioni bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango wake. Courant ilipokatika mchana, batri iliniokoa. Kwa sababu hiyo sikumwambia mtu yeyote habari za F10. Sikuificha. Sikujua tu kwamba ni jambo la kusema.

Martine akachukua karatasi na kalamu. Hakusema, "Niliwaambia." Angesema ingekuwa afadhali.

Ukurasa wa kwanza aliuandika yeye, kwa herufi kubwa: BONYEZA F10 KILA UKIMALIZA MGONJWA. BONYEZA TENA KABLA YA KUZIMA GROUPE. Anne-Marie alipiga maneno kwenye stensili, tukachapa kwa ronéo, mashine ya kunakili ya parokia, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kifaransa. Kwenye jalada tuliweka mwezi na mwaka, ili mtu ajue kijitabu kipi ni kipya. Chini yake tukaandika kwamba kila mtu ana ruhusa kukinakili, na kwamba anayeona kosa alitume depo, tulisahihishe katika chapa nyingine. Wa kwanza kutuma kosa alikuwa Placide. Alifurahi mno, nikamchukia siku nzima, kisha nikasahihisha.

Programu nayo niliirekebisha ihifadhi yenyewe. Lakini diskete za zamani zilikuwa zimetawanyika mpaka Luhwindja, na hakuna aliyejua zote ziko wapi. Kijitabu kilizifuata huko kwenye kamyo.

Kule Sange kazi ya Martine alikuwa amepewa Valérie. Valérie alibandika ukurasa wa kwanza ukutani, juu ya ordinateur. Tangu hapo rafu na mashine vilisema kitu kimoja, na kinini hakikukosa tena.

Ndipo Papa Gaston akatuita. Tulishuka mteremko wa Ngomo kwa kamyo ya Léopold, Martine katikati. Gaston alikuwa amejaribu mwenyewe. Alizima groupe kabla ya F10, akaona dawa alizotoa zimefutika, na mashine inazihesabu kama bado ziko rafuni. Kisha alikusanya kadi za wagonjwa akahesabu upya. Kinini chote kilikuwa kimeingia katika damu ya watu wa Sange. Alilisema hilo mbele ya wafanyakazi wote, na jina la Martine likasafishwa. Kazi hakurudishiwa. Nafasi ilikuwa na mtu, na yule mtu hakuwa na kosa.

Lakini Gaston hakuweza kukubali kosa bila kutafuta wa kulibeba pamoja naye.

"Na wewe pia ulikosa, Martine," akasema. "Kama machine ilikuwa inasahau, ungetuambia. Sisi tungejua namna gani?"

Nilifungua mdomo niseme nani alicheka siku ile ya mvua. Martine akanishika mkono.

"Nilisema, Papa Gaston," akajibu. "Nilisema kwa mudomo, vile tu mulinifundisha machine."