Rangi ya Kucha za Khamsing

Khamsing alichuchumaa kufunga gunia la mpunga, akashindwa kuinuka. Balaa lilianza kwa kitu kidogo namna hiyo. Mashine ya kukoboa ilikuwa imezimwa, wote wameshiba, wenzake wamejinyoosha kivulini, naye yuko palepale chini, anasukuma goti ambalo limegoma.

"Unataga?" akauliza shemeji yake Wirot, na wengine wakaangua kicheko.

"Nivute."

Wirot alimvuta kwa mkono mmoja, akashangaa alivyo mwepesi. Tangu mvua zianze Khamsing alikuwa akila kama aliyetoka kifungoni. Kikapu cha wali wa kunata alikimaliza peke yake, akapangusa vidole na kutupia jicho cha wengine, na bado mbavu zilihesabika. Jasho lilimtoka akiwa amekaa tu. Vidole vilitetemeka hata kiberiti kikamshinda kuwasha, na macho yalimtoka kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Anakula kwa wawili," majirani walinong'ona. "Huyo wa pili ndiye tusiyemwona."

Hawakuwa na haja ya kumtaja. Mwaka ule vijana wawili wa kijiji walilala wazima wasiamke, na kila mtu alijua ni jini mjane, yule anayezunguka akichagua waume za watu. Shati jekundu la kumzuia lilining'inia kwenye kila lango. Wanaume walilala wamevaa nguo za wake zao, kucha wamepaka rangi nyekundu, ili mjane akipapasa gizani adhani nyumba imejaa wanawake watupu. Khamsing peke yake alikataa. Mbeba magunia apake kucha?

Kisha akaanza kusikia mtu anagonga.

Ilikuwa chini ya sakafu ya mbao, usawa wa sikio lake, haraka haraka, kama kifundo cha kidole cha mtu mwenye haraka ya kufunguliwa. Akiinua kichwa, kimya. Akikilaza, kunaanza tena. Harufu ikapanda kupitia nyufa, ya yale maua meupe ya hekaluni wanayowekewa maiti.

"Ladda," alimnong'onezea mkewe. "Unasikia?"

"Nini?"

"Anagonga."

Ladda alitega sikio. "Chini kuna kuku tu, baba Noi." Lakini aliinuka, akaleta chupa ya rangi, akampaka kucha moja moja. Khamsing hakubisha. Hakuona aibu wala hofu. Alivitazama vile vidole vyekundu kama vya mtu mwingine.

Mganga wa kijiji, mzee Phin, alikuja akamshika viganja, akavinusa. "Roho za viungo vyake zimetoka, zimemfuata yule mwanamke," alisema. "Ziiteni kwa chakula."

Wakaziita. Alasiri nzima walimfunga nyuzi nyeupe vifundoni, kila jirani na dua yake, wakamtia yai kiganjani. Mama mkwe wake, Buaphan, alimwandalia wali wa kunata wa tui na sukari, ndizi zilizoiva, na pombe ya mchele, akamlisha kwa mkono wake.

"Kula, mwanangu. Roho hairudi kwenye tumbo tupu."

Alikula mpaka wakapiga makofi. Akalala kama jiwe.

Jogoo wa kwanza alipowika Khamsing alifumbua macho, akaiona alfajiri inaingia kidogo kidogo dirishani, akaisikia ile harufu ya maua nzito kuliko siku zote, na chini ya mkeka kugonga kukaenda mbio hata hakukuwa na nafasi kati ya pigo na pigo, na alipotaka kugeuka aondoke juu ya sauti ile mguu haukuja, wala mkono haukuja, wala bega, mwili wote umelala pale kama wa marehemu anayesubiri kuoshwa, kimebaki kichwa tu, na ulimi.

"Ladda," alisema taratibu. "Amenikalia."

Ladda aliinua mkono wa mumewe, akauachia, ukaanguka pu! juu ya mkeka. Akapiga yowe. Buaphan alikuja mbio, akamwona mkwewe, akaukabili ukuta.

"We mjane we! Huna haya! Si utafute wa kwako!" Kisha akageuka na bakuli. "Roho haijafika mbali. Fungua mdomo, mwanangu, fungua."

Tonge lilikuwa limegusa midomo Ladda alipoupiga mkono wa mama yake. Wali ukatapakaa sakafuni. Hakuwahi kumgusa mama yake hivyo maishani.

"Mama, kila akishiba ndiyo anaanguka! Kule kwenye mpunga alishiba. Jana alishiba. Basi!"

Wirot alimbeba mgongoni, akamlaza kwenye gari, wakaenda hospitali ya wilaya.

Nesi alimfuta rangi kwenye kucha kwa pamba ili abane kidole kwa kidude cha kupima hewa ya damuni. Daktari, mwanamke kijana, alimtundikia dripu ya potasiamu.

"Tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi," alisema. "Ukishiba wali na sukari, au ukipumzika baada ya kazi nzito, potasiamu yako inaikimbia damu na kujificha ndani ya misuli. Misuli inalala. Ungechelewa, na moyo ungelala."

"Na anayegonga chini nikilaza kichwa?"

"Ni moyo wako, kaka. Ukilaza sikio unausikia." Alichukua kidole cha Khamsing, kilichokuwa kimeanza kuamka, akakiweka shingoni. Kweli. Mwendo ni ule ule.

Buaphan alilia pembeni ya kitanda. "Nilikuwa nakuua kwa mkono wangu."

Khamsing alitafuta uchungu moyoni, asiupate. "Wali ulikuwa mtamu, mama," alisema.

Alimeza dawa bila kukosa. Jasho likakoma, mashavu yakarudi, magunia yakabebeka. Kugonga kukafifia, kisha kukaisha. Watu wakapata la kucheka, na Wirot akasema mjane amekimbia sindano.

Mpaka alfajiri moja ya msimu wa baridi. Khamsing aliamka, akakunja mguu, ukakunjika. Akakunja vidole, vikamtii. Hakuna kilicholala. Ila harufu ya maua ilikuwa imepanda, na chini ya sakafu mtu anagonga, haraka haraka.

Ni moyo, alijiambia. Akaweka kidole shingoni, kama alivyofundishwa.

Shingo ilipiga polepole, kwa utulivu, moyo wa mtu aliyepona. Sakafu ikapiga yake. Alisubiri vikutane. Havikukutana.

"Ladda," alinong'ona. "Ile chupa ya rangi bado ipo?"

Ladda hakuuliza ya nini. Alikuwa macho muda mrefu, na chupa alikuwa nayo mkononi, imeshafunguliwa.