Jicho Kwenye Boga

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alipita sokoni kugeuza maboga. Ndiyo kazi aliyopewa katika Wiki ya Soko la Wakulima: kuinua kila boga mezani, kubadilisha nyasi kavu chini yake ili lisioze, kisha kufagia. Jina lake halisi lilikuwa jingine, lakini lilikwisha kusahaulika, maana binti huyu alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na aliosha vyombo namna ambayo vyombo vyenyewe havikujua kama vimeoshwa.

Wanafunzi wote walikuwa wamepanda maboga. Boga likiwa changa, dogo kama ngumi, mwenyewe huchora alama yake kwenye ganda, na alama hukua pamoja na boga. Mmoja alikuwa na samaki, mwingine nyota. Chapuchapu alikuwa na kitana. Jumamosi maboga yangepimwa, na alama ya boga zito kuliko yote ingepakwa rangi juu ya lango la soko, ikae hapo mwaka mzima.

Shida ni kwamba Chapuchapu alikichora kitana chake kwa msumari, tena kwa nguvu, ili kionekane mapema. Boga likaoza kuanzia palepale. Jumapili, siku moja kabla ya wiki kuanza, hakuwa na kitu, na baba yake alikuwa ameshawatambia majirani kwamba lango la mwaka huu ni la bintiye.

Basi akaingia kwenye shamba la bibi mmoja aliyekuwa amefariki mwezi uliopita. Chini ya magugu akakuta boga kubwa la kijani. Alama ya bibi yule ilikuwa jicho, kila mtu aliijua. Chapuchapu akaligeuza boga huku na huku akilitafuta hilo jicho, asilione.

"Halina alama, halina mwenyewe," alijiambia. Akalikata, akachora kitana, akakipaka udongo kionekane cha zamani. Jumatatu akalipeleka sokoni, akasifiwa mpaka akaona haya.

Jumanne alfajiri soko lilikuwa tupu. Mabati ya paa yalialika yenyewe, kah, kah. Alipolishika boga lake, vidole vilinata. Kitana kilikuwa kinatoa matone ya utomvu, moja baada ya jingine, kama mtu anayelia bila sauti. Akayafuta. Yakarudi. Na upande wa pili wa boga palikuwa na mstari uliopinda, mwembamba kama uzi, ambao jana haukuwapo. Aliusugua kwa kidole gumba. Haukutoka.

Mchana ule, watu walipokuwa wakibadilishana mbegu, alikuja mjukuu wa marehemu, msichana waliyemwita Kimya kwa uchache wa maneno yake.

"Dada, wewe unapita sana kule mashambani," alisema. "Bibi aliniambia kuna boga aliloniachia. Nimelitafuta, nimekuta kikonyo kimekatwa. Hujaona mtu?"

"Sijaona," alijibu Chapuchapu.

Jumatano mstari wa pili ulitokea, ukaungana na wa kwanza kwenye ncha zote mbili. Alhamisi Chapuchapu akaligeuza boga, akaulaza upande ule chini kabisa, akaukandamizia nyasi. Darasani siku hiyo alikuwa wa mwisho kumaliza kuandika, na mwalimu akamuuliza kama ni mgonjwa.

Ijumaa alipofika sokoni, upande ule ulikuwa juu. Nyasi zilikuwa zimepangwa vizuri pembeni. Na katikati ya ile mistari miwili palikuwa na kidoa. Jicho lilikuwa limekamilika, na lilikuwa linamtazama. Chapuchapu aliangusha ufagio, akakimbia bila kufagia. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa, alimwonea Kimya huruma iliyomchoma.

Jumamosi watu walijaa. Mama Mizani, mpimaji wa soko, alilibeba boga kubwa mwenyewe, akaliweka kwenye mizani. Mshale ulipiga mbio kuliko siku zote. Baba yake Chapuchapu alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

"Mama, ngoja!" Chapuchapu alisema. "Si langu. Nimeliiba shambani kwa bibi. Ni la Kimya. Bibi mwenyewe amekuja kulidai, tazama!"

Makofi ya baba yalikatika. Mama Mizani hakushangaa. Alimvuta Chapuchapu karibu, akampitishia kidole juu ya lile jicho.

"Marehemu alikuwa anachora kwa ukucha, kidogo tu," alisema. "Ganda likiwa bichi, kwa macho huoni kitu. Boga likikatwa na kuanza kukauka, mchoro unainuka pole pole. Na jioni huwa nayageuza mimi, mwanangu. Nimelijua jicho hili tangu Jumatano."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja useme wewe. Ungenyamaza mpaka nisome mizani, ningesema mimi, na hapo ingekuwa aibu ya kweli. Sikiliza. Kitu kisipokuwa na alama unayoiona wewe, haimaanishi kwamba hakina mwenyewe. Uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema, kabla hofu haijakula usingizi wako wote."

Chapuchapu aligeuka kwa Kimya, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Kimya alilikumbatia boga, akaliwekea shavu pale kwenye jicho, na machozi yakamtoka.

Jicho lilipakwa rangi langoni siku hiyohiyo. Baba yake Chapuchapu ndiye aliyeshika ngazi, bila kujitapa. Mbegu zilipogawiwa, Kimya alimfikia Chapuchapu wa mwisho, akamwekea tano mkononi.

"Ukichora," alisema, "usikandamize."