Magunia Chini ya Ubao wa Mto

Kila asubuhi, kabla ya kupika chai, Benedeta hushuka mtoni na simu yake. Ndani ya maji umesimama ubao mrefu wenye namba. Anasoma namba inayoguswa na maji, anaituma kwa ofisi ya maji Tororo, kisha anarudi jikoni.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Mumewe, Oguttu, alikuwa na mpunga bondeni, upande wa Mulanda, na mpunga ulikuwa umebeba mimba. Ukikosa maji wakati huo, unatoa makapi. Oguttu akafanya kama alivyofanya baba yake. Alijaza udongo kwenye magunia kumi na mawili, akaziba mto chini kidogo ya mfereji wake na ya ule ubao. Maji yakapanda, yakaingia shambani kidogo kidogo.

Nereah, aliyelima upande wa chini wa mto, alimwambia kuwa anafuga maji kama mbuzi, amebakiza kuyafunga kamba. Oguttu akamjibu akagombane na kompyuta. Wote walikuwa wameambiwa kwamba kompyuta ya ofisi ya maji ndiyo inayopanga siku ya kufungua bwawa la juu. Wiki mbili zilikuwa zimepita, halikufunguliwa. Maji ya magunia hayakutosha, na sehemu ya shamba la Oguttu ilianza kupasuka kwa ukavu.

Akullo wa ofisi ya maji alipofika kwa pikipiki, Oguttu hakumpa kiti.

"Kompyuta yenu haijawahi kushika jembe," alisema.

"Kweli, mzee. Na huu mto haijauona. Inajua kile mama anachotuma tu. Wiki mbili ametuma sentimita sitini na nane. Mto wa kiangazi haushuki?"

Walishuka mtoni pamoja na Benedeta. Akullo alitupa jani karibu na ubao. Jani halikwenda popote. Akaeleza kwamba kompyuta huchukua kina cha maji, mvua, na vipimo vya miaka iliyopita. Inapiga hesabu ya maji yanayopita kwa siku, yapi yawekwe akiba, na nani apewe lini. Ikiona sitini na nane, inasema mto umejaa, bwawa libaki limefungwa.

"Mimi nilituma ukweli," alisema Benedeta.

"Ulituma ukweli wa magunia, mama. Maji yamesimama, hayapiti."

Oguttu alitazama mfereji wake. "Nikiyatoa magunia, leo hii shamba linakauka."

"Litakaa siku tatu bila maji. Usipoyatoa, bwawa halifunguliwi."

"Na kompyuta ikikosea?"

"Inaweza kukosea. Ndiyo maana tunairekebisha kila asubuhi kwa namba ya mama."

Oguttu alivua viatu, akaingia mtoni. Nereah alikuja bila kuitwa, akashika upande wa pili wa gunia la kwanza. Jioni mfereji ulikuwa tope tupu.

Kesho yake Benedeta alituma ishirini na moja. Siku ya tatu maji ya bwawa yalifika, ya rangi ya udongo. Oguttu alipata zamu yake, Nereah akapata yake.

Wakati wa mavuno, Benedeta aliyafua yale magunia kumi na mawili. Mpunga ulijaza tisa. Sehemu iliyopasuka ilitoa makapi.

Oguttu aliyatazama matatu yaliyobaki, akayakunja. Asubuhi iliyofuata alishuka mwenyewe kusoma ubao.