Chupa Iliyocheka

Kitendawili!

Sema tega basi, usinitazame tu. Mwanangu nikimwogesha maji ya baridi anazimia. Nikimtia kwenye sufuria inayotokota, anaomba chakula.

Hujui? Nipe mji. Umenipa Arusha? Haya, nimeingia Arusha, nimekula ndizi nyama, nimeshushia mbege, nimefuta mdomo. Sasa sogea nikupe jibu. Siku ile jibu lilikuwa ndani ya gari, na waliolijua walikuwa wamefungwa kamba mikono na miguu.

"Korongo, Mbega hapa."

Anande alikuwa amejibanza nyuma ya matenga ya nyanya, soko la Tengeru, akiinong'oneza kola ya blauzi yake. Humo ndimo kipaza sauti kilimoshonewa.

"Sema, Mbega."

Huyo ni Abdiel, mwenzake wa Idara ya Usalama. Wiki nzima Abdiel alikuwa akimnyemelea mtalii mmoja wa Kijerumani, kwa sababu amri ya makao makuu ilisema hivi: mtafuteni Hans. Bosi aliyeitoa ni mtu wa pwani. Hakujua kwamba huku kwetu ukiita Hans kanisani, nusu ya benchi inageuka.

"Hans si Mjerumani. Ni Mchaga, Abdiel! Muuza uji. Ana Noah ya kijivu, ana..."

Kitu cha baridi kikamgusa kisogoni.

"Ana Glock," sauti ikamalizia. "Ingia kwenye gari, mama. Polepole."

Hans alimchania kola, akakikanyaga kipaza sauti kama anaua mende. Kidude cha sikioni, kidogo kama punje ya mtama, hakukiona. Humo Abdiel alikuwa bado anauliza: "Mbega, unakatika, sikusikii, sema tena."

Basi Anande akabaki na masikio bila mdomo.

Ndani ya Noah, nyuma ya safu ya chupa kubwa za kutunzia uji wa moto, zote za kijani, alilala mwanamke mwingine chini ya turubai. Alikuwa Daktari Skolastika, aliyetoweka maabara tangu jana.

"Sikilizeni," Hans alisema akimfunga Anande mikono na miguu. "Mnyamaze njia nzima. Trafiki wa njia hii hawana silaha. Atakayepiga kelele, wa kwanza kufa ni askari."

Kisha akafanya jambo la ajabu. Akavua sweta lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Skolastika.

Akawafunika wote wawili turubai, mlango ukafungwa. Paa!

"Huyu mtu ni nani wako, Daktari?" Anande alinong'ona.

Skolastika akageukia bati la gari.

Nikueleze sasa. Nyuma ya mlima Meru, kwenye chemchemi ya maji ya moto, Skolastika alipata kidudu kisichoonekana kwa macho. Wewe unajua kimea cha togwa: ukikitia uji ungali unatokota, umekiua, na togwa haitakuwa tamu. Kidudu hiki kina kimeng'enya kisichoogopa moto. Katikati ya uji unaochemka kinaukatakata wanga, mpaka sufuria inabaki na maji matamu. Viwanda vya sukari, vya nguo, vya pombe, vyote vingekililia. Kampuni moja ya ng'ambo haikutaka kulia. Ilitaka kukiiba, ikiandikishe kwa jina lake, halafu ituuzie mtoto wetu wenyewe. Ikamkodi Hans akivushe mpakani, pamoja na daktari aliyekigundua.

Chemchemi ilifukiwa na maporomoko ya masika. Vichupa vya maabara, Hans alivimwagia jiki. Kidudu kilichobaki duniani kilikuwa humo garini. Mbele yake ni mpaka wa Namanga.

Kikivuka, kimekwenda.

Noah ikasimama Ngaramtoni, kizuizi cha kwanza cha trafiki.

"Hans bwana! Leo uji wa nini?"

"Ulezi na karanga, afande wangu."

Mlango wa nyuma ukainuka. Mwanga ukapenya pembeni mwa turubai. Anande aliona buti la askari, karibu kiasi kwamba angeweza kulipulizia vumbi. Akauma ulimi.

Sikioni Abdiel aliunguruma. "Vizuizi vyote! Kagueni maboksi ya barafu. Narudia, barafu. Kidudu lazima kitunzwe baridi."

Mungu wangu!

Askari wakanywa, wakasifu, wakapiga bati makofi mawili. Safari njema, Hans.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akipita. Nani atampekua mtu anayempa uji wa bure?

Gari likaanza kupanda. Turubai lilinuka dizeli na karanga. Kamba zilimla Anande vifundoni, jasho likamwingia machoni, na kila kona ilimsukuma kwenye bati kama gunia.

"Kipo kwenye chupa ipi?" aliuliza.

"Zote zinafanana." Sauti ya Skolastika ilikuwa kavu. "Lakini kinataka moto, kinataka wanga. Amekitia kwenye uji. Mjinga! Nilimwambia kinakula nini. Sikumwambia kikishiba inakuwaje."

Anande akaelewa. Hans alikuwa amemficha chui ndani ya zizi la mbuzi.

Akazivua ndala, akanyoosha miguu yake iliyofungwa, akaisukuma chupa ya kwanza kwa kidole gumba cha mguu. Kimya. Uji mzito hausemi. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ile iliyobanwa pembeni kabisa, karibu na tairi la akiba, akaigusa kidogo tu.

Chwa, chwa, chwa.

Ilicheka.

Akaibana kwa visigino, akaivuta. Gari likayumba, chupa ikamponyoka, ikamgonga kwenye ugoko, akameza kilio. Akaibana tena. Ile ya mlangoni akaileta ndani, akakilegeza kifuniko chake kwa vidole vya miguu. Ile inayocheka akaipeleka mlangoni.

"Korongo hapa," sikio likasema. "Mjerumani anaagiza supu ya mtori."

Gari likasimama. Oldonyo Sambu.

"Shuka, Hans, tangu asubuhi sijatia kitu tumboni!" Ilikuwa sauti ya kike, kali kama pilipili. Afande Nalepo, trafiki.

"Alipo Nalepo, njaa ipo!" Hans alicheka. Mlango ukainuka. Mkono wake ukaichukua chupa ya mlangoni.

Chiriri.

Nalepo akaonja.

"Hans."

"Naam, afande."

"Hiki ni uji au maji ya kunawia mikono?"

"Ni... labda chini..."

"Yeyo wangu, mama aliyenizaa, angekoroga hivi, baba angemrudisha kwao! Na wale vijana wanaochimba barabara unawauzia hiki? Lete nyingine. Leo naonja zote!"

Nalepo akaingiza mkono mwenyewe. Turubai likasogea.

Akaona miguu. Miguu minne.

Anande hakumwona Hans akipeleka mkono kiunoni. Alikisikia kimya chake, na kilimtosha. Akakunja magoti mpaka kidevuni, akaipiga teke ile chupa aliyoilegeza kifuniko, kwa nguvu zote.

Chupa ikaruka. Kifuniko huku, uji kule. Uji mzito wa ulezi, wa moto, ukamganda Hans mkononi kama gundi. Akapiga yowe. Bastola ikaanguka vumbini.

Buti la Nalepo likaikanyaga.

"Jaribu," Nalepo alisema. "Jaribu tu, kaka."

Hans hakujaribu. Pingu zikalia. Nalepo, kifua kikimpanda na hasira, akaiinua ile chupa nyepesi ili aimwage barabarani.

"Usimwage!" Skolastika alipiga kelele kutoka chini ya turubai. "Usimwage, mwanangu yumo!"

Mkono wa Nalepo ukagandia hewani. Tone moja likaning'inia mdomoni mwa chupa, halikuanguka.

Baadaye, kamba zikiwa zimekatwa, Anande aliazima redio ya Nalepo.

"Korongo, Mbega hapa. Mzigo ninao, ni wa moto. Mwache mgeni anywe mtori wake."

"Mbega? Upo wapi? Na Hans?"

"Hans ana pingu. Mwambie bosi aje siku moja ibadani."

Akazima. Akajifuta ulezi usoni, akaikwapua chupa, akaanza kutembea kuelekea gari la polisi bila kugeuka nyuma. Skolastika akamfuata akichechemea. Lile sweta alikuwa amelikumbatia.

Walipolifikia gari, Skolastika alisimama.

"Uliniuliza ni nani wangu," alisema. "Ni mdogo wangu. Mama alituacha yeye hajaota meno. Uji wake wa kwanza niliukoroga mimi."