Msomaji wa Ghala la Chini

Jua lilikuwa linazama tulipobakiza safu moja tu ya vitabu vya kuondoa, ile ya mwisho kabisa katika ghala la chini la maktaba. Kazi yenyewe haina maajabu. Kitabu kisichoazimwa muda mrefu unakitoa rafuni, unakigonga muhuri wa kufutwa, unakitia kwenye boksi, lori linakipeleka kiwandani kikasagwe.

Mkuu wetu mpya, tuliyembandika jina la Manukato, alishuka kusimamia. Kusimamia! Mtu aliyejigamba mbele yetu kwamba hajamaliza kitabu tangu atoke shule. Alivishika vitabu kwa ncha za vidole, kama anayeshika panya aliyekufa.

"Takataka tupu," alisema. "Hapa naweka makochi."

Niligonga muhuri kitabu kilichofuata. Mpumbavu wa kiwango kile unamjibu nini?

Ndipo tukasikia... mtu anasoma.

Sauti ya mwanamke, ya chini, taratibu, nyuma ya rafu. Ikaja na harufu ya udongo uliolowa.

"Nani huko? Tumefunga!" Manukato alifoka.

Tulizunguka rafu tukamkuta bibi kizee amekaa sakafuni, ametugeuzia mgongo, kitabu mapajani. Mbele yake palikuwa na ukuta mtupu.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

Hakuitikia. "Namsomea mume wangu," alinong'ona. "Nikinyamaza, anaamka."

Manukato akaangua kicheko. Akampokonya kitabu, akakitupa boksini.

"Kamsomee kwenu, bibi."

"Haya, mwanangu. Utamsomea wewe."

Taa zikazimika.

Zilipowaka, bibi hakuwepo.

"Kichaa tu yule," Manukato alisema, akanihimiza niwahishe boksi kwenye lori. Nikalibeba.

Kesho yake hakuja kazini. Mkewe alinipigia simu akilia.

"Dada, anasoma tangu jana jioni. Hana kitabu mkononi. Midomo inatoka damu, na hanyamazi!"

"Mpe maji."

"Nilimpa. Alipomeza tu..." Akashusha sauti. "Kuna kitu kilijigeuza chini ya kitanda."

Nilikimbilia kiwandani. Vitabu vyetu vyote vilikuwa uji ndani ya pipa. Manukato sikumpenda, na mpaka leo simpendi, lakini niliingiza mkono ndani ya uji ule, nikitafuta hata ukurasa mmoja.

Nikampigia mkewe, nikamweleza habari za yule bibi na kitabu chake. Nyuma yake nilimsikia Manukato, sauti imebaki mkwaruzo, anasoma.

"Dada... hicho kitabu ni kinene?"

Nilikiona kikiangukia boksini.

Kilikuwa chembamba kama daftari la mtoto.