Vijiti vya Kobe

Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, asije mtu akasema nimesimuliwa. Bendi yetu ya roki ilikuwa kelele za mabati tu, na aliyejua kupiga ni mimi peke yangu. Mpiga dramu, tuliyemwita Kobe, ndiye aliyekuwa bure kabisa. Wimbo huanza kwa kugonganisha vijiti mara nne. Yeye kila siku aligonga tano. Shemeji yangu, mpiga gitaa, akamfukuza mbele za watu. Mwezi haukuisha, Kobe akafa kabla hawajapatana.

Siku ya onyesho, shemeji alirudi kwenye stoo ya mazoezi kuchukua waya wa gitaa. Ilikuwa mchana, ila stoo haina dirisha na umeme ulikatika. Nilimsubiri mlangoni. Humo gizani vijiti vikagonga: ta, ta, ta, ta, ta.

“Nne, mjinga wewe!” shemeji akafoka kwa mazoea. Kisha akashusha sauti. “Kobe... nisamehe, ndugu yangu.”

Vikagonga nne. Akatoka analia, eti amesamehewa.

Haya, nakiri: hizo nne na huo msamaha nimevitunga mimi, kwa kumwonea huruma shemeji. Vijiti viligonga tano tena, na safari hii vilikuwa nje, kwenye jua, nyuma ya kisogo changu.