Mfupa Usio na Namba

Mfupa ule ulikuwa wa moto, ilhali ulitolewa shimoni kwenye udongo baridi. Fundi wa makumbusho alipaswa kuushtukia. Lakini siku hiyo mkewe na binti yao wa miaka sita walikuwa wamemtembelea kazini, na mwanamume akitazamwa na watu wake hapungukiwi na maringo.

"Jiwe halinati ulimini," alimwambia binti. "Mfupa wa kale unanata. Tazama." Akalamba kipande cha ubavu, kikanata.

"Na mimi, baba!"

Akampa ule wa moto. Hapo ndipo alipoharibu. Mtoto aliugusa kwa ncha ya ulimi, macho yakamgeuka meupe, na harufu ya nyama iliyovunda ikajaa chumba kizima. Fundi akaunyakua na kuutupa mezani, katikati ya mamia ya mifupa. Kila mfupa huandikwa namba kabla ya kupewa mtu. Huu hakuuandika.

"Nani kaniamsha?" binti akauliza, kwa sauti nzito ya kiume.

Mkewe alimleta mganga mchana uleule, mama mkavu asiye na salamu ndefu.

"Ni jini," mganga akanong'ona. "Mfupa wake urudi shimoni kabla jua halijazama. La sivyo, hamna mtoto."

"Ni upi, mama? Yote inafanana!"

"Si wewe mjuzi wa kulamba? Mkononi jini huuficha moto wake, ulimini hawezi. Kalambe."

Fundi akajifungia na meza ile, akalamba mmoja, ukawa baridi, akalamba wa pili, wa kumi, wa hamsini, vumbi likimkaba koo, huku nyuma ya mlango binti yake akicheka kwa sauti isiyo yake na kucha zikikwaruza mbao, zikipanda juu, juu zaidi, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, hadi ulimi wa fundi ukagusa mfupa wa moto, ukanata, akauvuta, ukakataa kubanduka.

Kicheko kikakatika.

"Baba!" binti akaita, kwa sauti yake mwenyewe nyembamba. "Baba, uko wapi?"

Mama mtu akaangua kilio cha furaha. Fundi naye alifurahi, alifurahi mno. Mfupa ukaanguka sakafuni, umepoa. Alitaka kuwapigia kelele wakimbie, lakini mdomo ulifunguka bila yeye kuufungua.

"Nipo, mwanangu," ikajibu sauti ile nzito. "Njoo."